Saratani ndani ya kifuko cha kuzaliwa nacho shingoni: tezi itolewe au iachwe?

Mara nyingi habari hii humkuta mgonjwa akiwa ameshaanza kusahau. Alikuwa na uvimbe katikati ya shingo, laini, usiouma, akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani. Nyuzi zimetolewa, kovu linakauka, naye amekuja kliniki kuonyesha kidonda tu. Daktari anafungua faili, anasoma karatasi ya patholojia, kisha anairudia. Kwenye ukuta wa kile kifuko, ambacho kila aliyekipapasa alisema ni cha kuzaliwa nacho na hakina neno, maabara imeona saratani.

Saratani yenyewe, katika hali hii, kwa kawaida ni ya pole, na huenda imeshatoka yote pamoja na kifuko. Kazi ngumu ni uamuzi unaofuata: tezi ya thairoidi iliyo chini yake itolewe nayo, au iachwe? Madaktari bingwa wamevutana juu ya swali hili kwa miongo mingi, na mgonjwa akienda kwa wawili anaweza kurudi na majibu mawili yanayopingana, kila moja limesemwa kwa uhakika. Ninataka kulifungua fundo hilo taratibu, kwa sababu kitakachoamuliwa kitamfuata mtu huyo maisha yake yote. Nitavigusa pia vifuko vya pembeni ya shingo, kwani huko mambo yamegeuka: katikati ya shingo hatari kubwa ni kutibu kupita kiasi, pembeni hatari kubwa ni kuridhika mapema.

Njia ambayo haikufutika

Tezi ya thairoidi, ile ambayo vitabu vya Kiswahili huiita pia tezi dundumio na ambayo ikivimba watu husema rovu, haianzii pale tunapoikuta. Mimba inapokuwa na wiki 4 hivi, tezi huchipuka kwenye mzizi wa ulimi. Hata kwa mtu mzima kipo kishimo kidogo nyuma kabisa ya ulimi, na hapo ndipo ilipotokea. Kutoka hapo hushuka katikati ya shingo ya kiinitete, ikipita mbele ya mfupa wa hioidi, ule mfupa mdogo wenye umbo la kwato ya farasi ulio juu ya koromeo, hadi kufika mbele ya bomba la hewa kwenye wiki ya 7. Nyuma yake huacha njia nyembamba mithili ya mrija. Njia hiyo hutakiwa kuziba na kutoweka kabla mtoto hajazaliwa.

Kwa wengi hutoweka. Kwa wengine hubaki vipande. Uchunguzi wa maiti za watu wazima uliochapishwa 1977 ulikuta mabaki ya njia hiyo kwa watu 7 katika kila 100, na karibu wote huzeeka bila kujua. Lakini kipande kilichobaki kikiendelea kutoa ute, ute hujikusanya, na kifuko hutokea. Madaktari hukiita sisti ya thairoglosali. Huonekana zaidi kwa watoto, ingawa kuna wanaokigundua wakiwa na miaka 40 au 50, pengine baada ya mafua au maumivu ya koo kukichokoza kikavimba ghafla. Dalili yake ya kukitambua ni nzuri na haihitaji mashine: mwambie mtu ameze mate, kifuko hupanda, mwambie atoe ulimi, hupanda tena. Kimefungwa kwenye ulimi kwa ile njia ya zamani.

Mfupa wa hioidi ndio kiini cha upasuaji wake. Zamani madaktari waliutoa uvimbe peke yake, wakafunga, na karibu nusu ya wagonjwa walirudi na uvimbe uleule. Mwaka 1920 daktari mpasuaji wa Mayo Clinic nchini Marekani, Walter Ellis Sistrunk, alieleza njia nyingine: toa kifuko, toa na sehemu ya katikati ya mfupa wa hioidi, kisha endelea kupanda na kipande cha nyama kinachoelekea kwenye mzizi wa ulimi, kwa sababu njia ile ina matawi madogo ambayo jicho haliyaoni. Tangu hapo wanaorudi na uvimbe wamepungua hadi chini ya mmoja katika kumi. Kutolewa kipande cha mfupa husikika kama jambo la kutisha, lakini hioidi haijaungana na mfupa mwingine wowote mwilini. Imening'inia kwenye misuli, na mtu hula na kusema kama kawaida baada ya maumivu ya siku chache. Upasuaji huo bado unaitwa kwa jina la Sistrunk, zaidi ya miaka 100 baadaye, na utatusaidia tukifika kwenye saratani.

Saratani inaingiaje humo

Kama tezi imepita njia hiyo, si ajabu imedondosha mbegu zake njiani. Katika kuta za vifuko hivi wanapatholojia huona mara nyingi chembe halisi za thairoidi. Na palipo na chembe za thairoidi, yaweza kuzuka saratani ya thairoidi. Hutokea katika takriban kifuko kimoja kati ya 100. Zaidi ya nane katika kila kumi kati ya hizo ni za aina ya papilari, aina ileile inayoongoza kwenye tezi yenyewe, inayokua polepole na kuitikia tiba vizuri. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, na wengi wako kwenye miaka ya 30 na 40.

Chache sana, kama sita hivi katika kila 100, hutoka kwenye ngozi ya ndani ya kifuko na si kwenye chembe za thairoidi. Hizo ni saratani za skwamasi, ndugu wa zile za kinywani na kooni. Ni wakali zaidi: humtafuna jirani, hazisikii tiba ya iodini, na hutibiwa kwa upasuaji mpana ukifuatwa na mionzi. Kwa hiyo neno moja kwenye karatasi ya patholojia, papilari au skwamasi, hugeuza kila kitu kinachofuata, na asiyelielewa neno hilo aulize kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.

Kuna aina moja ya saratani ya thairoidi ambayo haitarajiwi humo kabisa, ile ya medula. Chembe zinazoizaa hazishuki kutoka kwenye ulimi; huingia kwenye tezi kwa mlango mwingine, kutoka pembeni mwa shingo ya kiinitete. Hilo huwa linanishangaza kila mara: ramani iliyochorwa mtoto akiwa mdogo kuliko punje ya kunde inaendelea kutawala ugonjwa wake miaka 40 baadaye.

Kwa nini hugundulika kwa kuchelewa, yaani baada ya upasuaji? Kwa sababu kifuko chenye saratani na kisicho nayo hufanana mkononi. Sindano nyembamba ya kunyonya chembe hutoa jibu sahihi kwa karibu nusu tu ya wagonjwa, kwani mara nyingi hunyonya majimaji na kuikosa sehemu ngumu iliyo ukutani. Ultrasaundi hufanya vizuri zaidi ikishikwa na mtu anayejua anachokitafuta: kinyama kigumu kinachochomoza ndani ya kifuko, na ndani yake nukta nyeupe za chokaa. Akiona hivyo, sindano ielekezwe kwenye kinyama, si kwenye maji. Uvimbe uliokuwa umetulia kwa miaka kisha ukaanza kukua, kuwa mgumu, au kushikamana na nyama za jirani, nao usichukuliwe kuwa wa kawaida.

Na kuna kazi nyingine ya ultrasaundi kabla ya kisu ambayo watu huisahau. Lazima ihakikishe kuwa tezi ya thairoidi ipo mahali pake. Mara chache tezi yote hukwama njiani, na kile kinachoonekana kama kifuko ndiyo tezi pekee aliyo nayo mtu. Ukikitoa bila kuangalia, umemwacha hana thairoidi kabisa.

Kutoa tezi au kuiacha

Sasa tumefika penye mvutano. Mgonjwa ametolewa kifuko, jibu ni papilari, tuseme ya sentimita moja, imekaa ndani ya ukuta. Tezi yake inaonekana safi kwenye ultrasaundi. Afanyweje?

Upande mmoja husema: toa tezi yote. Wana hoja tatu, na zote ni za kweli. Kwanza, katika ripoti nyingi ambapo tezi ilitolewa na kukatwakatwa chini ya darubini, saratani ilionekana na humo pia, kuanzia kama mgonjwa mmoja katika kumi hadi mmoja katika watatu. Pili, bila kuitoa tezi huwezi kutumia iodini ya mionzi. Iodini, ambayo tumezoea kuiita madini joto, hunyonywa hasa na chembe za thairoidi. Ukimpa mtu mwenye tezi nzima, tezi huila yote na chembe za saratani zilizojificha hazipati kitu. Tatu, tezi ikiwa imetoka, kipimo cha damu cha thairoglobulini, protini inayotengenezwa na chembe za thairoidi, huwa kengele: kikipanda, kuna chembe mahali. Tezi ikiwapo, kengele hiyo hulia muda wote na haina maana.

Wengine wanakwenda mbali zaidi na kusema huenda saratani ya kifukoni ilitoka kwenye tezi yenyewe ikapanda. Kwa visa vingi sidhani ni hivyo, na wanapatholojia wana namna ya kutofautisha. Kifuko halisi kina ngozi yake ya ndani na chembe za kawaida za thairoidi ukutani. Tezi ya limfu, yaani mojawapo ya tezi ndogo za kinga ya mwili, iliyovamiwa na saratani na kujaa maji haina ngozi hiyo. Mwanapatholojia akiiona ngozi ya kifuko na saratani ikichipuka kutoka ukutani, na tezi haina kitu, basi saratani imezaliwa hapo.

Upande wa pili husema: upasuaji wa Sistrunk ukikamilika, tiba imekamilika. Wanaegemea zaidi kazi iliyochapishwa 2002 na madaktari wapasuaji wa Memorial Sloan Kettering, hospitali ya saratani ya New York. Walichambua taarifa za wagonjwa 62 wenye saratani ya aina hii. Baada ya miaka 10, zaidi ya 95 katika 100 walikuwa hai. Walipotafuta ni jambo gani lililoathiri kupona, walikuta moja: kama kifuko kilitolewa kwa njia ya Sistrunk au kilichomolewa tu juujuu. Kutoa tezi ya thairoidi hakukuongeza kitu kinachopimika. Wagonjwa 62 ni wachache, na hakuna aliyewagawa kwa kura katika makundi ya kulinganisha tiba. Lakini ugonjwa ni adimu kiasi kwamba visa vyote vilivyoripotiwa duniani ni vya kuhesabu kwa mamia, na hakuna mtu atakayefanya jaribio kubwa zaidi hivi karibuni.

Mimi nimevutwa na upande wa pili, na sababu yangu inatoka nje ya ugonjwa huu. Mwaka 1985 watafiti wa Finland walikata tezi za thairoidi za maiti 101 katika vipande vyembamba sana. Walikuta saratani ndogondogo za papilari kwa watu 36. Hao walikuwa wamekufa kwa mambo mengine, na saratani hizo hazikuwahi kuwasumbua. Ndiyo maana ile hoja ya kwanza, kwamba tezi nyingi zilizotolewa zilikuwa na saratani, hainitishi kama inavyoonekana. Ukikata tezi ya mtu yeyote kwa uangalifu huo, una nafasi nzuri ya kukuta kitu. Korea Kusini ilijifunza hivyo kwa gharama kubwa: watu walipoanza kupimwa shingo kwa ultrasaundi wakiwa hawaumwi, idadi ya waliogunduliwa na saratani ya thairoidi iliongezeka mara 15 kati ya 1993 na 2011, wengi wakatolewa tezi, na idadi ya wanaokufa kwa ugonjwa huo haikushuka hata kidogo.

Kutoa tezi si jambo jepesi la kuongezea tu ili moyo utulie. Nyuma ya tezi zimebanana tezi nyingine nne ndogo kama punje za mchele, zinazotunza kalsiamu ya damu. Zikiumia, mtu huanza kuhisi ganzi midomoni na vidoleni, na misuli kukakamaa. Pembeni yake hupita neva za sauti. Moja ikiguswa, sauti hukwaruza, na kwa mwalimu, mwimbaji wa kwaya au mama anayeuza sokoni hilo ni pigo kubwa. Na hata upasuaji ukienda vizuri, dawa ya levothairoksini, inayoshika nafasi ya homoni ya tezi iliyotolewa, humezwa kila siku hadi mwisho wa maisha, tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa moja kabla ya chai. Isichanganywe na vidonge vya madini ya chuma anavyopewa mjamzito. Viachane kwa saa 4. Mimba ikiingia, dozi huhitaji kuongezwa mapema. Mwezi wa Ramadhani wengine humeza kabla ya daku, wengine wakati wa kulala, saa tatu baada ya kula. Yote hayo yanawezekana, na wengi wanaishi nayo vizuri sana. Lakini mtu anayekaa mbali na mji, ambako duka la dawa hukaa wiki bila levothairoksini, anastahili kuambiwa kabla, si baada.

Kwa hiyo ninaposoma mapendekezo ya miaka ya karibuni, naona wengi wamekubaliana kugawa wagonjwa kulingana na hatari. Mwelekeo wa saratani ya thairoidi kwa jumla umekwenda huko pia: mwongozo wa Marekani wa 2015 uliruhusu kutoa nusu tu ya tezi hata kwa saratani iliyo ndani ya tezi, ikiwa ina chini ya sentimita 4 na haijatoka nje. Kwa saratani ya kifukoni, mgonjwa wa hatari ndogo ni kijana au mtu wa makamo ambaye saratani yake ni ndogo, imebaki ndani ya ukuta, imetolewa yote kwa Sistrunk, na ultrasaundi haioni kitu kwenye tezi wala kwenye tezi za limfu. Huyo aachwe na tezi yake na afuatiliwe.

Mizani huegemea upande wa kutoa tezi mambo yakiwa tofauti: saratani imetoboa ukuta na kuingia kwenye misuli au mfupa, ni kubwa, kingo za kilichokatwa bado zina chembe zake, kuna tezi za limfu zilizovamiwa, kuna kinundu cha mashaka ndani ya thairoidi, au mtu alipigwa mionzi shingoni akiwa mtoto. Umri nao una uzito, ingawa mpaka wake umesogezwa: mfumo wa kupanga hatua za saratani ya thairoidi ulioanza kutumika 2018 uliuhamisha kutoka miaka 45 hadi 55. Moja tu kati ya hayo haliamui peke yake kila mara. Kinundu kwenye tezi, kwa mfano, kwanza kichomwe sindano na kupimwa, maana vinundu visivyo na madhara vimejaa hasa katika nyanda za juu zilizokosa madini joto kwa vizazi.

Tezi za limfu za shingoni huvamiwa kwa wagonjwa wachache, kama mmoja au wawili katika kila kumi, na zitolewe zikiwa na ushahidi wa ugonjwa. Hakuna haja ya kufagia shingo ambayo picha na sindano zimeionyesha safi.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye mvutano huu haumhusu bado: aliyetolewa kifuko juujuu bila mfupa, kwa sababu daktari alidhani ni uvimbe wa mafuta au jipu. Kabla ya mtu yeyote kuzungumzia tezi yake, arudishwe kukamilishiwa Sistrunk. Hilo ndilo lenye ushahidi wa kumsaidia kuliko yote.

Iodini ya mionzi, inapohitajika

Wanaotolewa tezi wakiwa na tezi za limfu zilizovamiwa au saratani iliyotoka nje ya ukuta huweza kupewa iodini ya mionzi, dawa ya kumeza. Tanzania tiba hiyo hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Wiki moja au mbili kabla, mgonjwa hutakiwa kupunguza madini joto kwenye chakula ili chembe zilizobaki ziwe na njaa nayo, na kwa mtu wa pwani hiyo ina maana ya kuacha samaki wa baharini, dagaa wa chumvi, na chumvi ya kawaida ya dukani. Haitolewi kwa mjamzito kamwe. Anayenyonyesha humwachisha mtoto kwanza, na mimba husubiri miezi 6 hadi 12 baadaye. Mwanamke wa miaka 30 anayepanga kuzaa ana haki ya kulisikia hili kabla hajaingia chumba cha upasuaji, kwa sababu linaweza kubadilisha jinsi atakavyoupima uamuzi wa kwanza.

Pembeni ya shingo, mambo hugeuka

Kiinitete cha wiki 4 au 5 kina matuta na mifereji pande mbili za shingo. Mifereji hiyo hufunikwa, lakini mmoja ukibaki na uwazi ndani yake, miaka mingi baadaye hutokea kifuko chini ya taya, mbele ya ule msuli mnene unaojitokeza mtu anapogeuza uso. Hiyo ni sisti ya brankia. Kwa kijana wa miaka 20 mara nyingi ndivyo ilivyo kweli, na ikitolewa yote, mambo yamekwisha.

Mwaka 1882 daktari mpasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza saratani zilizo ndani sana ya shingo pembeni, akaamini zimetokana na mabaki hayo. Jina likashika. Kwa miongo mingi kila uvimbe wa saratani wenye maji pembeni ya shingo ulipewa jina hilo, shingo ikakatwa, na mgonjwa akaambiwa chanzo kimepatikana. Kisha, mwaka mmoja au miwili baadaye, saratani ilionekana kwenye findo au kwenye mzizi wa ulimi. Ilikuwa hapo tangu mwanzo. Uvimbe wa shingoni ulikuwa tezi ya limfu iliyovamiwa na kuoza katikati mpaka ikafanana na kifuko.

Ndiyo maana 1950 Hayes Martin na wenzake wa New York waliweka masharti makali kabla ya mtu kuitwa mwenye saratani ya brankia. Moja ya masharti hayo lilikuwa kwamba mgonjwa afuatiliwe kwa miaka 5 na chanzo kingine kisipatikane. Fikiria maana yake: ni utambuzi ambao huwezi kuuthibitisha siku ile, wala mwezi ule. Wengine baadaye wamelegeza sharti hilo kwa kuangalia kama darubini inaonyesha ngozi ya kawaida ya kifuko ikibadilika hatua kwa hatua kuwa saratani, lakini hoja ya Martin bado ina nguvu. Saratani halisi za brankia zipo, ni adimu mno, na jina lao limesababisha madhara mengi kuliko ugonjwa wenyewe.

Leo tunajua zaidi kwa nini. Baadhi ya saratani za findo na mzizi wa ulimi husababishwa na kirusi cha HPV, kilekile kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ambacho wasichana wamekuwa wakichanjwa Rwanda tangu 2011, Tanzania tangu 2018 na Kenya tangu 2019. Saratani hizi zina tabia mbaya ya kuwa ndogo sana pale zilipoanzia, pengine punje tu ndani ya findo, huku tezi za limfu zikijaa maji shingoni. Saratani ya papilari ya thairoidi nayo hufanya hivyohivyo. Na Kenya imejua kwa miaka mingi saratani ya nyuma ya pua, ambayo wengi huigundua kwa uvimbe wa shingo kabla ya dalili nyingine yoyote.

Basi mtu aliyevuka miaka 40 akiwa na uvimbe wenye maji pembeni ya shingo achunguzwe kama mwenye saratani iliyosambaa mpaka ithibitike sivyo. Kinywa, mafindofindo, mzizi wa ulimi na nyuma ya pua viangaliwe kwa kamera nyembamba. Sindano ichukue chembe, zipimwe na alama ya p16 inayoashiria HPV. Majimaji yake yapimwe thairoglobulini, ambayo ikiwa juu hufichua saratani ya thairoidi. Chanzo kisipoonekana kwa macho, findo la upande huo hutolewa na kukatwa vipande vyembamba, na mzizi wa ulimi huchukuliwa sampuli. Baada ya hayo yote, kama hakuna chanzo na ukuta wa kifuko unaonyesha saratani ikizaliwa humo, ndipo jina la brankia liandikwe. Hutibiwa kwa kutoa kifuko na tezi za limfu za upande huo, na mara nyingi mionzi, huku koo likiangaliwa tena na tena kwa miaka.

Kwetu kuna kishawishi kingine: kifua kikuu cha matezi. Ni ugonjwa wa kawaida, huvimbisha shingo pembeni, na hulainika katikati ukajaa usaha. Wengi huanzishiwa dawa kwa kuangaliwa tu. Siwalaumu wanaofanya hivyo pale ambapo hakuna maabara, lakini ikiwa kuna GeneXpert, kipimo cha kutambua vijidudu vya kifua kikuu, usaha ulionyonywa upelekwe huko, na nusu yake ipelekwe patholojia siku hiyohiyo. Uvimbe usionywea baada ya wiki kadhaa za dawa usiendelee kuitwa kifua kikuu kwa mazoea. Jambo moja lisifanywe hata kidogo: kuutumbua kwa wembe kama jipu. Ukiwa na saratani ndani, kuufungua hivyo humwaga chembe kwenye ngozi na nyama za jirani, na upasuaji wa baadaye huwa mpana na mgumu zaidi.

Karatasi na kipande cha nta

Mwenye saratani ya kifukoni aliyeachiwa tezi yake huangaliwa kwa ultrasaundi ya shingo na tezi baada ya miezi 6 hadi 12, kisha kila mwaka. Papilari hurudi polepole, pengine baada ya miaka mingi, kwa hiyo kufuatilia kwa miaka miwili na kuacha hakutoshi. Aliyetolewa tezi hupimwa thairoglobulini pamoja na TSH, homoni inayoiamuru thairoidi kufanya kazi, ambayo dozi ya dawa hurekebishwa kuifuata.

Katika maabara iliyosoma kifuko chake, kipande kilichokatwa bado kipo, kimehifadhiwa ndani ya nta. Mgonjwa anaweza kuomba kipande hicho au vioo vyake vipelekwe kusomwa tena na mwanapatholojia mwingine, na katika ugonjwa adimu namna hii ningeliomba hilo kabla ya kukubali upasuaji wa pili. Msomaji wa pili aangalie kama ukuta umetobolewa, kama kingo ni safi, kama ngozi ya kifuko inaonekana, na saratani ina milimita ngapi. Karatasi ya kwanza mara nyingi huwa na neno "papilari" tu, na mambo hayo manne ndiyo daktari bingwa atayauliza mara tu mgonjwa atakapoketi mbele yake.